Timu Tuliyoilisha Sisi

Mwaka 1985 Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Mwaka uliofuata ikautwaa tena. Nikiwaambia vijana hivyo hunisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza bibi anayesema zamani kisima hiki kilikuwa na samaki. Uwanja wa Majimaji wanaujua, kwa sababu upo na mikutano hufanyika pale. Jina la utani, Wanalizombe, wamelisikia. Lakini kwamba kikosi kilichokaa kambini hapa, kikila ugali wa mahindi yetu, kiliwaweka chini Simba na Yanga na timu za Zanzibar miaka miwili mfululizo, hilo wanaona wazee tunaongeza chumvi.

Hatuongezi. Ligi ya Muungano ilianza 1982. Timu za juu za Bara zilikutana na za juu za Zanzibar, na bingwa wake ndiye aliyekwenda kuiwakilisha nchi kwenye Klabu Bingwa Afrika. Mwaka wa kwanza walichukua Pan African, wa pili Yanga, wa tatu KMKM. Kombe lilikuwa linatembea kati ya Dar es Salaam na Unguja, na watu wa mikoani walilisikia redioni tu. Kisha likaja Songea, mwisho wa barabara, kilomita zaidi ya 900 kutoka Dar, kwenye mji ambao watumishi wa serikali walipopangiwa kuja kufanya kazi waliona wamepewa adhabu.

Mengi yamesemwa juu ya mabao na mafundi wa enzi zile. Celestine Mbunga, tuliyemwita Sikinde, aliitwa timu ya taifa akitokea kwetu, na mtu aliyemwona akichukua mpira kutoka pembeni hahitaji kusimuliwa. Mimi nilikaa upande ambao hausimuliwi. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya umma hapa mjini, binti niliyetoka kumaliza chuo cha uhazili, na orodha za michango ya timu zilipitia kwenye vidole vyangu. Ndiyo maana naijua Majimaji kwa njia nyingine. Najua ilikula nini, ililala kwenye blanketi la nani, na dizeli ya gari lake ilitoka wapi.

Asiyeishi miaka ile lazima aelezwe hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi ilikuwa imeishiwa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, kitenge cha foleni. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa bidhaa usiku vichakani wasikutwe nazo. Aprili 1984 Sokoine akafariki kwenye ajali pale Dakawa na nchi nzima ikalia. Katikati ya hali hiyo, timu ya mpira ilihitaji viatu vya njumu jozi ishirini na zaidi, jezi, soksi, mipira, na gari la kuvuka mikoa minne kwenda Dar kucheza na kurudi. Njumu hazikuwa dukani. Nakumbuka zilianza kuonekana mitumba ilipoanza kuingia, baada ya serikali kuruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa. Fundi viatu wa sokoni alizishona upya, akazibandika soli, mguu wa kushoto wa rangi moja na wa kulia wa rangi nyingine. Vijana walizivaa na kucheza.

Orodha zilikuja kwa mkono, zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari la mistari, na mimi kazi yangu ilikuwa kuzichapa kwenye stensili. Wasiojua stensili: ilikuwa karatasi laini yenye nta, unaichapa bila utepe wa wino, herufi zinaitoboa. Ukikosea unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unaipuliza ikauke, unachapa tena juu yake. Kisha unaivalisha kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mkono, na wino mweusi unakuingia mpaka kwenye kucha. Nilikwenda kanisani na wino ule.

Safu ya kwanza ilikuwa jina la ofisi, au shule, au chama cha msingi, au kijiji. Safu ya pili ndiyo iliyonifundisha mambo. Haikuwa fedha peke yake. Kulikuwa na magunia ya mahindi kutoka vijiji vya barabara ya Njombe, maharage kwa debe, mbuzi mmoja mmoja, kuku kwa idadi, samaki wakavu kutoka ziwani Nyasa, wale mbasa wanaokuja wamefungwa kwenye majani. Mablanketi. Kuna shule iliyoandikwa mboga za majani kila wiki kwa muda wote timu itakapokuwa kambini. Na dizeli. Dizeli ilipigiwa mstari, kwa sababu fedha ungeweza kuwa nayo na usipate kibali cha mafuta. Ofisi iliyotoa pipa la dizeli ilitangulizwa juu ya orodha, mbele ya wale waliotoa shilingi nyingi.

Na tumbaku. Songea na Namtumbo wanalima tumbaku ya moshi, ile inayoning'inizwa ndani ya mabani na kuwashiwa moto chini mpaka jani linakuwa jeusi na linanukia kama nyama iliyokaushwa. Mkulima wa tumbaku hunuka moshi huo mwezi mzima wa kukausha, nguo, nywele, mpaka noti anazokulipa dukani. Siku ya mechi kubwa ulikuwa ukikaa kwenye mzunguko wa uwanja unajua watu wa Namtumbo wamefika kabla hujawaona. Walikuja juu ya malori ya mazao tangu alfajiri. Wengine walitembea mpaka wapate lori. Msimu wa soko la tumbaku, kiasi fulani kilikatwa kwenye malipo ya mkulima kwa ajili ya timu, na mshahara wa mtumishi wa umma ulikatwa vilevile.

Hapa nataka nisiwapambe watu. Makato yale hayakuwa hiari. Hapakuwa na aliyeulizwa. Ilishuka amri kwamba timu ya mkoa ichangiwe, ikaandikwa, ikachapwa, mimi nikiichapa, na mwisho wa mwezi ukakuta mshahara umepungua. Mkulima mmoja, mzee mwenye koti la jeshi lililochakaa, alikuja ofisini na karatasi yake ya malipo akataka kujua fedha zake zimekwenda wapi na stakabadhi iko wapi. Timu aliipenda. Aliwajua wachezaji wote kwa majina kuliko mimi. Kilichomuuma ni kwamba aliyemkata hakumwambia, na kwamba angetoa zaidi kama angeombwa. Mkuu wangu wa ofisi alimtoa nje kwa maneno mengi. Stakabadhi haikuwepo kwa sababu hazikuwa zinatolewa. Nilimwona yule mzee tena uwanjani wiki hizohizo, amesimama nyuma ya goli la upande wa mjini, anashangilia mpaka sauti imekauka. Nimemkumbuka mara nyingi nikisikia watu wakibishana kama timu ile ilikuwa ya wananchi au ya wakubwa. Ilikuwa ya wote wawili ndani ya mtu mmoja.

Wachezaji nao hawakulipwa kama wanavyolipwa sasa. Malipo ya mchezaji yalikuwa ajira. Ukiwa mlinda mlango mzuri kutoka Mbinga au Tunduru, unaletwa mjini, unapewa kazi: msaidizi wa ghala, mtunza stoo, dereva, tarishi. Unaripoti kazini asubuhi, mchana unaruhusiwa kwenda mazoezini. Tulikuwa na mmoja ofisini kwetu. Alibeba mafaili kwa adabu, akiinama mlangoni kama tarishi yeyote, na Jumamosi ileile wanaume waliomtuma chai walikuwa wakilipa kiingilio kwenda kumwona. Ajira ile ilikuwa na maana kubwa. Mchezaji akiumia goti bado anao mshahara. Akizeeka ana kiinua mgongo. Hakuwa na sababu kubwa ya kukimbilia Dar, kwa kuwa Dar nako angepewa kazi ileile, ila angelala Manzese kwenye chumba cha kupanga na hapa alikuwa na shamba la mahindi nyuma ya nyumba.

Barabara ilikuwa jambo lingine. Kabla ya lami, safari ya Makambako ilikuwa ya kuandika wosia. Masika gari liliweza kulala Lukumburu, likalala tena Madaba, abiria wakishuka kusukuma kwenye tope hadi magoti. Timu ikienda kucheza ugenini ilifika imechoka, imecheza nusu ya mechi barabarani. Lami ya kutoka Makambako, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza, ilikamilika katikati ya miaka ile ya 80, na mimi sioni ni sadfa kwamba ubingwa ulikuja wakati huohuo. Ghafla vijana wakaanza kufika Dar wakiwa na miguu yao. Na vigogo wa Dar wakaja kwetu na kukuta baridi ya Juni, ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro umefunika goli la mbali, na mzunguko umejaa watu wanaopiga ngoma.

Lizombe ni ngoma ya Wangoni. Huchezwa kwa kukanyaga ardhi kwa pamoja, na ikipigwa sawasawa unaisikia kwenye nyayo kabla ya masikioni. Ndiyo iliyowapa timu jina la Wanalizombe. Ngoma zilianza kupigwa tangu saa nane, watu wakiwa bado wanaminyana getini, akina mama wakiuza karanga za kuchemsha, mihogo ya kuchoma na togwa kwenye ndoo. Timu ikitoka kupasha misuli, mzunguko wote unaingia kwenye mdundo mmoja. Beki wa ugenini anapiga pasi huku ardhi inatikisika chini yake. Nimewahi kuketi karibu na benchi la wageni na kumwona mchezaji wa akiba, mkubwa, jina lake linatajwa redioni kila wiki, amejifunika jezi ya mazoezi kichwani kwa baridi, anauliza mwenzake hawa watu hawachoki? Walikuwa hawachoki. Walikuwa wametoa mahindi yao.

Bibi yangu hakupenda. Yeye alizaliwa kwenye njaa iliyofuata vita vya Majimaji, ile ambayo wazee waliiita Fugufugu, Wajerumani walipochoma maghala na mashamba ili watu waishiwe nguvu. Mwaka 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa hapa mjini, Nduna Songea Mbano miongoni mwao, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, na Nkosi Mputa Gama. Makaburi yapo Mahenge, penye makumbusho, na kila Februari tarehe 27 tunakwenda. Kwa bibi, Majimaji lilikuwa neno la msiba. Alisikia wajukuu zake wakilipiga kelele barabarani wakitoka uwanjani, wamevua mashati, akatuita ndani. Hakutukaripia. Alituuliza tu tunajua tunamwita nani. Tulinyamaza. Siku za baadaye nilimsikia akimwambia jirani yake kwamba labda si vibaya, kwamba wale walioitwa kwa jina hilo mara ya kwanza walishindwa, na hawa wanashinda. Alisema bila furaha. Nimeliweka hili hapa kwa sababu watangazaji walizoea kulichezea jina, eti maji ya Songea yamegeuza risasi kuwa maji, na watu wa mbali walicheka. Nyumbani kwetu hakuna aliyecheka.

Siku ya ubingwa wa kwanza sikuwa uwanjani. Karibu mji wote haukuwepo, kwa kuwa nani angeweza kusafiri? Tulikuwa kwa baba, Mfaranyaki, tumezunguka redio. Betri zilianikwa juani tangu asubuhi zipate nguvu, kisha zikafungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu kifuniko kilishapotea. Radio Tanzania ilikuwa inakuja na kuondoka. Mtangazaji anapaza sauti, mawimbi yanamchukua, mnabaki mnatazamana, hamjui kama ni goli au ni kona. Baba aliinua redio juu ya kichwa chake akaishikilia hivyo, mikono imenyooka, kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa inasikika vizuri, na hakuna aliyethubutu kumwambia aishushe. Matokeo yalipothibitishwa kwenye taarifa ya habari, mji ulitoka nje. Hakukuwa na pombe ya kutosha, hakukuwa na nyama ya kutosha, hata soda hazikuwepo. Watu walishikana mikono wakatembea barabarani kutoka Majengo mpaka sokoni na kurudi, basi. Kengele za kanisa zilipigwa, na baadaye kidogo muadhini naye aliposwali na watu wake akatoka nao kuungana nasi.

Mwishoni mwa mwaka uleule Mwalimu aling'atuka, Mzee Mwinyi akaingia Ikulu. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Sisi Songea hatukuliona hilo. Tuliona tumechukua kombe mara ya pili. Na mwaka huohuo wa 1986 Tukuyu Stars, jirani zetu wa Rungwe, wakawa mabingwa wa Bara. Nyanda za Juu Kusini zote zilikuwa kama zimeamka. Nilidhani, na wengi tulidhani, kwamba mpira wa Tanzania umehama Dar na hautarudi peke yake tena.

Kwa nini haikuwa hivyo? Nimesikia majibu mengi vijiweni. Uchawi, fitina, waamuzi, viongozi waliokula. Viongozi wabaya walikuwepo, na hela zilizopotea zilikuwepo. Ila viongozi wabaya walikuwepo pia miaka ya ubingwa, mimi niliwachapia barua zao. Naamini sababu ilikuwa kwenye ile safu ya pili ya orodha. Kile kilichoilisha timu kilivunjika kipande kwa kipande, na hakuna aliyekaa chini akauliza nani atailisha sasa.

Kwanza yalikwenda mashirika na maofisi. Miaka ya mwanzo ya 90 watumishi walianza kupunguzwa. Mimi nilipunguzwa pia, nikapewa barua niliyokuwa nimewachapia wenzangu wengi kabla, maneno yaleyale. Wasaidizi wa ghala, watunza stoo na matarishi ndio walioanza kuondolewa, na matarishi wale ndio waliokuwa kikosi chetu. Mchezaji asiye na kazi ofisini alibaki na posho ya mechi, na posho ya mechi ilitegemea mapato ya mlangoni, na mapato ya mlangoni yalitegemea kama Simba au Yanga wamekuja. Halafu ushirika. Serikali iliufuta mwaka 1976, ikaurudisha kwa sheria ya 1982, na ulipofika wakati wa soko huria ulikuwa bado haujashika miguu yake, una madeni, wakulima hawauamini. Wanunuzi binafsi wakaja, bei ya tumbaku ya moshi ikapanda mwaka mmoja na kuanguka miwili, na mkulima aliyekuwa akikatwa kwa ajili ya timu sasa hakuna aliyemkata. Hilo kwake lilikuwa haki. Kwa timu lilikuwa njaa. Mambo yote mawili ni kweli na sijui namna ya kuyapunguza makali.

Sasa tazama ni nani waliobaki wamesimama. Prisons ya Mbeya, yenye Jeshi la Magereza nyuma yake, ilikuwa bingwa wa Muungano 1999. Mtibwa Sugar, yenye kiwanda na mashamba ya miwa, ilitwaa ubingwa wa Bara 1999 na 2000. Kagera Sugar ilipanda ikakaa miaka mingi. Timu za JKT zilidumu. Kila moja ina mtu anayejua mshahara wa mwezi ujao utatoka wapi. Waliozama ni wale waliolishwa na mkoa na ushirika: Tukuyu Stars walioshangaza nchi nzima, Ushirika ya Moshi, Mirambo ya Tabora, na sisi. Mpira haukuwa umetutoka. Steven Mapunda, Garincha, aliondoka hapa akaenda kung'ara Simba na Taifa Stars. Vipaji vilizaliwa mwaka baada ya mwaka kwenye viwanja vya Lizaboni na Bombambili, kisha vikapanda basi.

Ndiyo maana ubingwa wa 1998 unanipa shida kuueleza. Majimaji walitwaa tena Ligi ya Muungano mwaka ule, mara ya tatu, wakati kila kitu nilichokitaja kilishavunjika. Wapo wanaosema huo ndio mkubwa kuliko yote kwa sababu ulipatikana bila msaada. Nilikuwepo, nilishangilia, nilipoteza kanga kwenye msongamano. Lakini nilikuwa nauza maandazi karibu na kambi wakati huo, na niliona vijana wakinunua kwa mkopo na kuona haya kunitazama usoni. Kikosi kile kilibebwa na watu wachache wenye moyo, wafanyabiashara wa hapa mjini waliouza bidhaa zao kulipa nauli. Watu wachache hawawezi kubeba timu zaidi ya msimu mmoja au miwili. Wenyewe walifilisika, wengine wakagombana, na wengine wamekufa bila kurudishiwa walichotoa wala kutajwa.

Baada ya hapo ni kupanda na kushuka. Ilishuka daraja, ikarudi Ligi Kuu, ikashuka tena baada ya msimu wa 2010/11. Ikarudi 2015/16 na mji ukaamka. Kally Ongala alikuja kufundisha, watoto ambao hawakuwa wamezaliwa 1998 wakavaa jezi, ngoma zikarudi kwenye mzunguko. Nilikwenda mechi nyingi nilivyoweza. Wachezaji walikuwa wanatoka kila mahali, mikataba ya msimu mmoja, hawajui njia ya kwenda Matogoro wala Peramiho, na siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewapa sababu ya kujua. Mwaka 2018 ikashuka pamoja na Njombe Mji. Tangu hapo Majimaji imekuwa ikitajwa kwenye madaraja ya chini, na kuna misimu unauliza mtaani inacheza lini na hakuna anayejua.

Timu iliposhuka nikataka kujua ni nani wa kuulizwa, niliona tatizo lenyewe. Mkoa ulisema timu ni ya wanachama. Wanachama, nilipowatafuta, walikuwa wazee wachache wenye kadi zilizokunjika. Uwanja ni wa Chama Cha Mapinduzi. Uongozi ulisema ulikuwa unasubiri mdhamini. Kila mmoja alionyesha kwa kidole upande mwingine. Mzee yule wa koti la jeshi angalau alijua ofisi ya kupeleka hasira yake.

Sasa mjini kuna Songea United, iliyotokana na timu iliyokuwa FGA Talents na kuhamia hapa, na imecheza Championship kwenye uwanja uleule. Mjukuu wangu ni shabiki wao na nimekwenda naye. Ni timu nzuri na siiombei mabaya. Lakini wenzangu wengi wanataka jina la Majimaji lirudi juu, na hoja yao mpya ni Pamba. Pamba ya Mwanza ilikuwa kama sisi, ilibeba jina la zao, ikachukua ubingwa wa Muungano mwaka 1990, ikapotea zaidi ya miaka 20. Jiji la Mwanza likaishika mkono na mwaka 2024 ikarudi Ligi Kuu, inaitwa Pamba Jiji. Kwa nini isiwe Majimaji Manispaa? Wanauliza hivyo kwenye vikao vya misiba, maana ndiko wazee wa mpira tunakokutana siku hizi.

Naunga mkono, lakini si kwa namna hiyo peke yake. Halmashauri hubadilika, mkurugenzi huhamishwa, na bajeti ya timu ndiyo hukatwa kwanza shule zikikosa madawati, na ni sawa ikatwe. Ruvuma leo inalima mahindi kuliko karibu mkoa wowote nchini. Msimu wa kuvuna malori yanapanga foleni kwenye maghala ya Wakala wa Hifadhi ya Chakula, hela inapita hapa ambayo haikuwepo 1985. Mkulima akiulizwa kwanza, akaonyeshwa hesabu, akapewa kadi ya uanachama na haki ya kumng'oa kiongozi anayemla, wapo watakaotoa debe moja katika gunia na wapo watakaokataa. Wanaokataa waachwe. Tulipokea kwa lazima zamani, na nguvu ya lazima ilipoondoka hatukuwa tumejenga mazoea ya kuombana.

Wachezaji wa 1985 na 1986 waliobaki wanapungua. Mmoja namwona karibu kila wiki, anatengeneza baiskeli na bado anatembea kwa mguu mmoja ukitangulia, goti lililoumia kwenye kiwanja cha kokoto. Sijapata kumsikia akidai fedha. Alichoniomba ni kwamba nikumbuke kuandika majina ya waliokuwa benchi, si kumi na mmoja tu, kwa sababu benchi ndilo lililosukuma gari Lukumburu. Nimeanza kuyakusanya. Kila jina naliuliza kwa watu wawili tofauti kabla sijaliandika, na pale wanapobishana naacha nafasi.

Mwenyekiti wa mtaa wetu nimeshamwambia: kikao cha timu kikiitishwa, kazi ya orodha ya michango nipeni mimi. Safari hii kila anayetoa, awe ametoa gunia au kuku, apewe stakabadhi mkononi papohapo, na nakala ibandikwe mlangoni pa uwanja. Amekubali. Tumepanga kuanza baada ya mavuno, watu wakiwa wameshalipwa.